Go: Dalili za Mchezo Dhaifu, Vyanzo Vyake na Pa Kuanzia Kurekebisha

Wengi wanaoingia kwenye Go, mchezo wa ubao ambao wawili huweka kete nyeusi na nyeupe kwa zamu wakigombania eneo, hapa Uganda wanatokea michezo mingine. Mmoja ni mkali wa drafti pale stegi ya boda boda, mwingine amekulia kwenye omweso kwa babu yake, mwingine alicheza chesi shuleni. Sheria wanazishika kwa nusu saa, mchezo wanaupenda, wanacheza miezi kadhaa. Kisha malalamiko yanaanza, na kila anayelalamika anasema yale yale: kundi langu limekufa tena, nimekula kete nyingi lakini nimeshindwa, nilikuwa naongoza halafu sielewi kilichotokea, daraja langu halipandi.

Tafuta hapa chini dalili inayokusumbua. Chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo kinachoonekana mara nyingi zaidi, na ukaguzi mwepesi unatangulia marekebisho mazito. Ila kuna jambo moja linalogusa dalili zote: katika Go, mahali unapoiona hasara si mahali kosa lilipofanyika. Kundi linalokufa kwenye hatua ya 120 mara nyingi liliugua tangu hatua ya 40, na wewe ukaendelea kucheza kwingine kama mzima. Kwa hiyo tutakuwa tunarudi nyuma kila mara.

Maneno machache kwanza, tuelewane. Pumzi za kete ni makutano matupu yanayoigusa kwa mstari, juu, chini, kushoto na kulia. Kete au kundi likibakiwa na pumzi moja liko atari, yaani limebakiza hatua moja tu liliwe. Jicho ni nafasi tupu iliyozungukwa na kete za kundi moja, na kundi lenye macho mawili ya kweli haliuliki. Ninapotaja mahali kwenye ubao, herufi ni za mistari ya wima kuanzia kushoto na namba ni za mistari ya ulalo kuanzia chini.

Kabla ya kugusa kitu kingine

Angalia ubao unaochezea. Ubao kamili una mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361, na anayeanza hupotea humo. Kosa la hatua ya kumi linalipiwa baada ya saa nzima, na hapo hakuna anayekumbuka lilikuwa lipi. Kama makundi bado yanakufa bila wewe kujua sababu, rudi kwenye ubao wa 9 kwa 9 kwa muda. Mchezo mmoja unakwisha kwa robo saa na kosa unaliona papo hapo. Ubao huo huna haja ya kuununua: kadibodi, rula na kalamu vinatosha. Seti moja ya omweso ina mbegu 64, na mweusi kwenye ubao wa 9 ni mara chache sana kuhitaji zaidi ya kete 41. Mweupe apewe maharagwe meupe. Ubao wa 19 ndio wenye kazi, kwa sababu seti yake kamili ni kete nyeusi 181 na nyeupe 180. Hapo kusanya vizibo vya soda vya rangi mbili.

Angalia pia unacheza na nani, na kwa masharti gani. Madaraja ya Go huanzia kyu 30 kwa mgeni, namba ikishuka kadiri unavyoimarika hadi kyu 1, kisha ikaanza kupanda kuanzia dani 1. Tofauti ya daraja moja inalingana takriban na kete moja ya kutangulizwa kwenye ubao wa 19. Mwenzako akikuzidi madaraja matano, weka kete tano kabla hajaanza. Wengi wanakataa kwa kuona aibu, wanacheza sawa kwa sawa, wanapigwa vibaya, na hawajifunzi kitu kwa sababu mchezo ulikuwa umekwisha mapema mno. Kete za kutangulizwa zimewekwa ili wote wawili wafikiri kwa bidii mpaka mwisho. Zikubali.

Dalili: kundi langu kubwa linakufa

Hii ndiyo dalili kuu, na nitakaa hapa kuliko pengine popote.

Chanzo kinachoongoza ni kumfuata mpinzani. Anasukuma, unajibu. Anasukuma tena, unajibu tena. Kila jibu peke yake linaonekana la busara, lakini hakuna hata moja lililouliza swali la msingi: kundi hili lina makao? Ukaguzi wake ni mwepesi. Chukua mchezo ulioshindwa, rudi mpaka hatua ambayo kundi lile lilikuwa na kete tatu au nne tu, kisha jiulize kama lilikuwa na nafasi ya kujinyoosha pembeni likapata jicho, au njia wazi ya kuungana na rafiki. Karibu kila mara utaikuta hatua moja tulivu ambayo ingelimaliza suala lote, na utajikuta uliiruka ili ukale kete moja upande wa pili.

Marekebisho: kila mpinzani anapocheza, kabla ya kujibu, fikiri kwamba umemwachia zamu nyingine hapo hapo. Je, angekuua? Kama hapana, hulazimiki kujibu, nenda ukacheze penye faida. Kama ndiyo, jibu sasa, hata kama hatua yenyewe haipendezi. Swali hili moja likiwa mazoea, michezo yako itabadilika kuliko utakavyobadilishwa na somo lolote la ufunguzi.

Chanzo cha pili ni kutohesabu pumzi. Makundi mawili yaliyokatana yakikabana, mwenye pumzi nyingi ndiye mshindi, na hapo hakuna cha kukisia. Hesabu kwa kidole ukibidi. Ukiwa na pumzi nne naye ana tano na zamu ni yako, zitaisha pamoja mpaka yeye abaki na moja na wewe umekwisha. Usianze. Kundi lenye jicho kubwa ndani lina pumzi nyingi kuliko linavyoonekana: jicho la nafasi 3 linampa adui kazi ya hatua 3, la nafasi 4 hatua 5, la nafasi 5 hatua 8, la nafasi 6 hatua 12. Namba hizi zikariri kama zilivyo. Anayezijua hushinda vita ambavyo mwenzake alidhani vimekwisha.

Chanzo cha tatu ni kutojua maumbo ya macho. Mfano wa kuweka mbele yako sasa hivi: weka kete nyeusi A2, B2, C2, D2 na D1. Zunguka kwa nyeupe A3, B3, C3, D3, E2 na E1. Ndani mweusi amebakiwa na nafasi tatu zilizonyooka: A1, B1 na C1. Zamu ikiwa ya mweusi, anacheza B1, na tayari ana jicho A1 na jingine C1. Mweupe hawezi kuingia popote, kundi limeishi. Zamu ikiwa ya mweupe, naye anacheza B1 hiyo hiyo, na kundi limekufa. Mweusi akijaribu A1 halafu C1 ataila ile kete nyeupe, lakini atabaki na tundu moja tu. Hatua ya kuponya na hatua ya kuua ziko kwenye makutano yale yale. Lipange kwa mkono, ucheze pande zote mbili, mpaka uone mwenyewe kwa nini.

Baada ya hapo ongeza haya. Nafasi tatu zilizopinda, kama zilizonyooka, ni za anayetangulia. Nafasi nne kwa mstari ni hai hata adui akitangulia. Nafasi nne za mraba zimekufa hata wewe ukitangulia. Nafasi nne zenye umbo la herufi T zina makutano moja ya katikati, na anayeyachukua ndiye mwenye kundi. Kuna pia hesabu ya safu iliyobanwa kwenye mstari wa pili kutoka ukingoni: mbali na kona, kete sita hufa, nane huishi, na saba hutegemea zamu ni ya nani. Kwenye kona nne hufa, sita huishi, tano ni za anayetangulia.

Chanzo cha nne, jicho la uongo. Unaona tundu, kumbe kete zinazolizunguka hazijaungana, na adui atakulazimisha ulizibe mwenyewe. Kagua pembe zake za mshazari: jicho la katikati ya ubao linahitaji pembe 3 kati ya 4 ziwe salama mikononi mwako, la ukingoni linahitaji zote 2, na la kona ile 1 iliyopo. Ikipungua, usilihesabu.

Marekebisho ya kina ni mazoezi ya kuua na kuponya makundi, yanayoitwa tsumego. Chagua yaliyo mepesi, yale unayoyamaliza kwa sekunde chache hadi dakika moja, na fanya kila siku kidogo. Usibonyeze kabla hujaona mwisho wake kichwani. Kukisia halafu kuangalia jibu kunafundisha kidole tu. Mazoezi magumu mno nayo yaache kwa sasa, maana yatakuchosha bure.

Simama hapa: kundi likishakufa, usiliongezee kete hata moja kwa uchungu. Kila unayoiongeza inamjengea adui ukuta wa nje ulio imara zaidi. Liache lilale. Litakufaa baadaye ukihitaji vitisho vya kupigania ko, yaani pale mnapoliana kete moja moja mahali pale pale na huruhusiwi kurudisha papo hapo kabla ya kucheza kwingine.

Dalili: nakula kete nyingi, nashindwa kwa hesabu

Hii ni dalili ya watu wetu hasa, na sababu ninaifahamu. Kwenye drafti kula ni lazima, usipokula umevunja sheria. Kwenye omweso mbegu ulizoteka zinahamia upande wako, unazipanda, zinakuongezea nguvu. Kwa hiyo mkono wa mchezaji wetu umezoeshwa miaka mingi kwamba ukiona cha kula, unakula. Kwenye Go kete iliyoliwa inatoka ubaoni ikakaa pembeni kama mateka. Haikuchezei, na hakuna anayekulazimisha kuila.

Tuifanyie hesabu. Kwa kanuni za Japani, kete uliyoila inakupa alama 1 ya mateka na alama 1 ya nafasi iliyoachwa wazi. Kete tatu ni alama 6. Sasa linganisha na hatua ya mwanzo kwenye ubao mtupu. Kwa kuwa mweusi anatangulia, mweupe hulipwa komi, alama 6.5 Japani na 7.5 China, ili mchezo uwe sawa. Fidia hiyo ni kama nusu ya thamani ya hatua nzima, kwa hiyo hatua kubwa ya mwanzo ina thamani ya alama 13 hadi 15 hivi. Ukila kete tatu zisizo na madhara kwenye hatua ya 20, umechukua alama 6 na kumwachia mwenzako 14. Fanya hivyo mara tatu na mchezo umekwisha, huku mfuniko wa bakuli lako la kete umejaa mateka na wewe unajiona unashinda.

Ukaguzi: kabla ya kula, uliza, "Kete hizi zikiokoka, ni kundi gani langu litakaloumia?" Kama hakuna, ziache. Kama zinakata makundi yako mawili, basi zile, hata ikiwa ni kete moja tu, kwa sababu hapo thamani iko kwenye uhai wa makundi hayo mawili. Hii ndiyo tofauti ambayo mchezaji wa kyu 20 haioni na wa kyu 10 ameanza kuiona.

Chanzo kingine ni kuanzia katikati. Kuzunguka nafasi 9 kwenye kona kunahitaji kete 6, ukingoni kete 9, katikati kete 12. Ndiyo maana wachezaji huanza kwenye kona, wakaenda pembeni, katikati ikawa ya mwisho. Aliyezoea chesi, ambako katikati ndiko kunakogombaniwa tangu mwanzo, hapa anapata taabu kidogo.

Na kuna wale wanaoimarisha mahali palipokwisha imarika: kuua kundi lililokufa tayari, kuziba shimo ambalo hakuna awezaye kuingia. Hilo ni kumpa mwenzako zamu bure.

Dalili: ngazi yangu inavunjika

Ngazi ni ile atari ya mfululizo inayomkimbiza adui kwa mshazari hadi ukingoni. Chanzo ni kimoja: hukuangalia mbele. Fuata kwa jicho njia ya ngazi mpaka kona ya upande wa pili. Ukikuta kete ya adui kwenye njia hiyo au inayoigusa, ngazi haifanyi kazi, na usiianze hata kidogo, kwa sababu kila hatua unayocheza inakuachia sehemu ambapo adui atakutia atari kete mbili kwa mpigo mmoja. Tafuta wavu badala yake: kete moja iliyowekwa kwa mbali kidogo, inayofunga njia zote bila kugusa. Na ukigundua katikati ya safari kwamba ngazi imevunjika, acha papo hapo.

Dalili: naanza vizuri, katikati naparaganyika

Mara nyingi ni kwa sababu unagusa kundi unalotaka kulishambulia. Kete inayogusa ya adui inamlazimisha ajibu, na kila jibu linamwimarisha. Ukitaka kushambulia, kaa mbali hatua moja au mbili, mfukuze kuelekea mahali ulipo na nguvu, na wakati anakimbia wewe unajenga eneo njiani. Lengo la kushambulia mara nyingi ni hilo eneo. Kuua ni ziada.

Sababu inayofuata ni kuwa na makundi mawili dhaifu kwa wakati mmoja. Moja unaweza kulikimbiza, mawili adui atayakata kwa hatua moja inayotishia yote. Kabla ya kuvamia eneo lake, hesabu makundi yako dhaifu. Likiwepo hata moja, litibu kwanza.

Sababu ya tatu ni hofu ya kuvamiwa kwenye kona. Unaweka kete kwenye makutano ya 4-4, yaani mstari wa nne kutoka kila ukingo wa kona, mpinzani anaingia 3-3, na unachukia kana kwamba umeibiwa. Tangu programu ya AlphaGo ilipomshinda bingwa wa Korea Kusini, Lee Sedol, michezo 4 kwa 1 mjini Seoul mwezi Machi 2016, uvamizi huo wa mapema umekuwa jambo la kawaida hata kwa mabingwa. Yeye anapata kona ndogo, wewe unapata ukuta unaotazama nje. Shida inakuja pale unapoutumia ukuta huo kujengea eneo dogo karibu yake. Ukuta ni wa kumsukumia adui, kwa hiyo cheza mbali nao.

Dalili: naongoza, halafu mwishoni naanguka

Kwanza hakikisha kweli ulikuwa unaongoza. Wengi hawakuhesabu, walihisi tu. Mchezo ukifika kama hatua ya 100 kwenye ubao mkubwa, simama kidogo uhesabu maeneo kwa makundi ya kumi kumi, yako na yake, ukikumbuka komi. Si lazima iwe sahihi kabisa.

Kama kweli uliongoza, chanzo cha kawaida ni kupoteza zamu. Hatua ambayo mpinzani analazimika kuijibu inaitwa sente, isiyomlazimisha ni gote. Hatua za mwisho zipange hivi: zile ambazo ni sente kwa wote wawili zichukue kwanza, maana anayetangulia anazipata bure. Zinafuata sente zako, na gote kubwa kwa ndogo mwisho. Ujifunze pia mruko wa nyani, ile kete inayoteleza kwenye mstari wa kwanza kuingia eneo la mwenzako kutoka kete yako iliyo mstari wa pili. Asiyejua kuujibu hupoteza alama nyingi kwa hatua moja, na anayejua bado hupoteza kama 8 hivi. Ukiona upo, uchukue. Na ukiona wake unakuja, uzuie mapema.

Chanzo kingine ni haraka ya furaha. Umeona unashinda, unaanza kujibu bila kuangalia, na kundi moja linapungukiwa pumzi.

Dalili: napoteza mtandaoni kwa muda au kukatika

Bando likiisha au umeme ukienda katikati ya mchezo wa haraka, saa haikusubiri. Usichague mchezo wa sekunde 30 kwa hatua kama mtandao wako si wa kuaminika. Online-Go.com ni bure, inafunguka kwenye kivinjari bila kupakua chochote, na ina michezo ya polepole ambayo unaweza kupewa siku moja au zaidi kwa kila hatua. Kwa anayefanya kazi kutwa, hii ndiyo njia bora kabisa ya kujifunza: unafungua asubuhi, unafikiri vizuri, unacheza, unafunga. Ukitumia simu, washa mpangilio wa kuthibitisha hatua kabla haijatumwa, kwa sababu kwenye ubao wa mistari 19 kioo kidogo kinakosea kwa urahisi.

Dalili: sipandi daraja

Hakikisha kwanza unalinganisha daraja la sehemu moja. Kyu ya mtandao huu si sawa na ya mtandao mwingine, kwa hiyo kuhama na kuona namba imeshuka si ugonjwa.

Kisha, chanzo kikubwa: unacheza mchezo baada ya mchezo bila kuupitia hata mmoja. Mchezo ukiisha, usikusanye kete. Muulize uliyecheza naye hapo hapo, hata kama amekuzidi kidogo tu:

"Kaka, kundi hili la kulia lilianza kuumwa wapi?"

"Hapa, uliponijibu. Mimi nilikuwa nakutisha tu, ungeenda kule juu."

"Na ningeenda juu, ungefanya nini?"

"Ningesukuma tena. Njoo tuione."

Halafu mnapanga upya, mnajaribu njia zote mbili. Mazungumzo ya dakika kumi namna hiyo yanazidi michezo kadhaa iliyochezwa kimya kimya. Neno muhimu hapo ni "wapi". Ukiuliza "kwa nini nimeshindwa" utapewa pole.

Chanzo cha pili ni kukariri mifuatano ya kona, joseki, kabla ya kuijua sababu yake. Unaijua mpaka hatua ya nane, mpinzani anacheza kitu kisichokuwamo, na huna la kufanya. Jifunze miwili au mitatu, na kila hatua ujue ingetokea nini usingeicheza.

Chanzo cha tatu ni kucheza na mtu mmoja tu siku zote, au na programu tu. Unazoea udhaifu wake.

Kuhusu programu za kuchambua: KataGo ni ya bure na inaweza kuendeshwa hata kwenye laputopu ya kawaida, ingawa polepole. Inakupa makadirio ya alama baada ya kila hatua. Usiipitie yote. Tafuta mahali patatu ambapo alama ziliporomoka kwa kishindo, acha mengine, na mahali pale jaribu kwanza kueleza kosa kwa maneno yako kabla ya kuangalia hatua inayopendekezwa. Ikikuonyesha hatua ambayo huwezi kuieleza hata baada ya kujaribu, iruke, si ya kiwango chako bado. Wala usidhani haikosei: mwaka 2023 mchezaji wa ridhaa wa Marekani, Kellin Pelrine, aliishinda programu ya hali ya juu mara 14 kati ya 15 kwa kulizunguka polepole kundi la programu hiyo huku yenyewe haioni hatari. Kuhesabu pumzi kwa macho yako mwenyewe bado kuna kazi.

Kuitumia wakati wa mchezo dhidi ya mtu ni wizi, na utafungiwa akaunti.

Wakati wa kusimama na kumtafuta mtu

Ukishindwa michezo mitatu mfululizo na moyo unakwenda mbio, funga. Mchezo wa nne utacheza kwa hasira, na hasira hujibu kila atari.

Pesa zikiwekwa mezani, ondoka. Mchezo wa dau unakufundisha hatua salama za kushinda leo na kukuzuia kujaribu zile ambazo zingekukuza. Na kama kucheza kumeanza kula usingizi, nauli au kazi, hilo halitatuliwi kwenye ubao. Zungumza na mtu wa nyumbani unayemwamini au mshauri wa afya ya akili.

Na kuna wakati kujitibu mwenyewe kunafika mwisho. Kama dalili ile ile imerudi baada ya kufanya marekebisho yake kwa mwezi mmoja au miwili, au huwezi kusema kundi liko hai au limekufa hata mchezo ukiwa umekwisha, au ushauri wa programu unapingana na kila ulichodhani unajua, tafuta mwalimu. Hahitaji kuwa bingwa. Aliyekuzidi kwa kete nne au tano anafaa zaidi, kwa sababu bado anakumbuka alivyotoka hapo ulipo. Mpelekee michezo mitatu, yote uliyoshindwa, na katika kila mmoja weka alama mahali unapodhani ulianza kuharibika. Asitazame programu inasema nini. Mwambie aanze na zile alama zako tatu, akuonyeshe kwa kila moja ni hatua ngapi nyuma ungepaswa kuiweka.